Risasi Iko Wapi? Bunduki za Wenzo, Rivolva na Kumfundisha Kijana Shabaha

Katika nyumba nyingi za mashambani Marekani, bunduki inayorithiwa kutoka kwa babu ni bunduki ya wenzo: ubao na chuma, mtutu wenye bomba jembamba chini yake, na kile kipete cha chuma kinachozunguka kifyatulio. Mpigaji hukisukuma kipete hicho chini na mbele, kisha hukirudisha. Ganda tupu huruka na risasi mpya huingia. Kabatini, kando yake, mara nyingi kuna rivolva ya silinda ya tundu sita. Kijana akifikisha miaka kumi au kumi na miwili, wakubwa huzitoa na kusema tuanze na hizi, maana ni rahisi.

Kuzifyatua ni rahisi kweli. Kujua hali yake kwa kuitazama tu, hapo ndipo ugumu ulipo. Bunduki ya komeo yenye risasi moja, ile inayofunguliwa kwa kuvuta kitasa nyuma, humwonyesha mtoto kila kitu: chemba, yaani nafasi risasi inamokaa ikipigwa, iko wazi au imefungwa, ina risasi au haina. Bunduki ya wenzo huficha risasi ndani ya bomba, nyingine ikaificha chini ya komeo, na nyundo yake hushushwa kwa dole gumba la mtu. Rivolva huonyesha migongo ya risasi lakini huficha ni tundu gani litakalofuata. Kwa hiyo somo la kwanza, kabla ya kulenga, ni swali ambalo mwanafunzi analijibu kila anaposhika silaha: risasi iko wapi sasa hivi, na ni kitu gani kinachoizuia isilie? Asiyeweza kulijibu bado hajafika kwenye kulenga, hata kama jicho lake ni kali.

Bomba, komeo na kipandishio

Bunduki ya kwanza ya wenzo iliyopata sifa kubwa ilibuniwa na Benjamin Tyler Henry mwaka 1860. Bomba lake lilimeza risasi 16 za kalibari .44, wakati askari wengi wa siku hizo walikuwa bado wanashindilia baruti kwa mdeki mdomoni mwa mtutu, risasi moja baada ya nyingine. Ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Bomba lilikuwa na ufa mrefu upande wa chini, vumbi na matope yakaingia. Na ili kulijaza ilibidi kulifungua kwa mbele, mkono ukiwa karibu na mdomo wa mtutu. Mwaka 1866 Nelson King aliziondoa zote mbili kwa kutoboa kilango chenye springi ubavuni mwa bunduki. Risasi zikaanza kusukumwa kwa dole gumba, moja moja, na bomba likafungwa kabisa. Kilango hicho ndicho kinachoonekana mpaka leo kwenye bunduki nyingi za kampuni za Winchester na Marlin.

Fuata safari ya risasi moja. Springi iliyo ndani ya bomba inaisukuma nyuma hadi ikae juu ya kipandishio, kipande cha chuma kinachofanya kazi kama lifti. Unaposukuma wenzo mbele, komeo linarudi nyuma, ukucha wake unavuta ganda tupu kutoka chemba, na mwishoni ganda hilo linagongwa na kurushwa nje. Katika Winchester za zamani kipandishio hunyanyuka sehemu ya mwisho kabisa ya safari ya wenzo. Ukirudisha wenzo, komeo linakwenda mbele, linaisukuma risasi mpya chemba, nyundo inabaki imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga, na chuma cha kufungia kinajipachika nyuma ya komeo ili baruti ikilipuka lisirudi usoni mwa mpigaji.

Chuma hicho cha kufungia ndicho kinachotenganisha bunduki hizi kwa nguvu. Modeli za Winchester za 1866 na 1873 zilitegemea viungo viwili vinavyojinyoosha kama goti. Vilitosha kwa risasi fupi za baruti nyeusi. Kwa risasi kali havifai. Mbunifu wa silaha John Moses Browning alipobuni modeli ya 1886 aliweka vyuma viwili vinavyopanda wima na kulishika komeo, na bunduki za wenzo zikaanza kubeba risasi za mnyama mkubwa. Modeli yake ya 1894 ilikuwa nyepesi zaidi, na tangu 1895 ikatumia risasi ya .30-30 yenye baruti isiyo na moshi. Zaidi ya milioni saba zimetengenezwa, kwa hiyo ukisikia Mmarekani anazungumzia bunduki ya babu ya kuwindia paa, kuna uwezekano mkubwa ni hiyo.

Namba hizo huwachanganya watu. Katika .30-30, ya kwanza ni upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za mia za inchi, na ya pili ni uzito wa baruti wa awali kwa greni: greni 30 ni karibu gramu 1.9. Katika .44-40 ni greni 40 za baruti nyeusi, karibu gramu 2.6. Kiasi cha baruti kimebadilika tangu zamani hizo, majina yamebaki. Usiisome namba ya pili kama kipimo cha nguvu.

Jambo moja kuhusu bomba halina mjadala. Risasi zimelala ndani yake kwa mstari, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, na katikati ya kitako hicho ndipo ilipo fataki, kichocheo kinachowasha baruti. Risasi yenye pua ya chuma iliyochongoka ikikaa hapo, teke la bunduki linaweza kuifanya iipige fataki ya mwenzake, na bomba zima likalipuka mkononi. Ndiyo maana risasi za .30-30 zina pua bapa au butu, na zile za kisasa zilizochongoka huwa na ncha ya plastiki laini. Risasi ndogo ya .22 haina hatari hiyo kwa sababu kichocheo chake kiko kwenye ukingo wa kitako, si katikati. Watengenezaji walilikwepa bomba kwa njia nyingine pia: Savage ya 1899 ilikuwa na magazini ya kuzunguka ndani ya mwili wa bunduki, na Winchester ya 1895 ilikuwa na magazini ya kisanduku.

Hiyo ya 1895 iliwahi kutembea kwetu. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, miongoni mwa bunduki alizobeba ilikuwamo Winchester 1895 ya kalibari .405, na aliiamini sana kwa simba. Lakini Winchester zilikuwa zimeshatangulia. Msafara wa Henry Morton Stanley uliochukua wapagazi Unguja mwaka 1887 ulibeba Winchester na Remington.

Zinapokwama, na kwa nini

Kosa la kawaida kuliko yote ni kusukuma wenzo nusu. Mtoto anaogopa, au mkono wake ni mfupi, anausukuma robo tatu ya njia na kuurudisha. Kwa kuwa kurusha ganda na kupandisha risasi hutokea mwishoni mwa safari, ganda tupu hubaki ndani, au risasi mpya hukutana nalo mlangoni. Dawa ni kumzoesha, kwa risasi bandia, kuusukuma wenzo kwa ukakamavu mpaka ugote, kisha kuurudisha mpaka ugote, bunduki ikiwa bado begani. Kusukuma polepole kwa huruma ndiko kunakokwamisha.

Kwenye Marlin kuna kukwama kwa aina yake. Wenzo na kipandishio husuguana kila safari, na baada ya miaka mingi sehemu hiyo hulika. Springi ya bomba huiachia risasi ya pili mapema, ikatoka nusu na kuingia chini ya kipandishio. Wenzo unakuwa mgumu, hauendi mbele wala nyuma. Hapo mtu hasukumi kwa nguvu wala kupigapiga. Mtutu unabaki umeelekea kwenye kinga, yaani tuta la kuzuia risasi, vidole mbali na kifyatulio, na bunduki inapelekwa kwa fundi ikitajwa wazi kwamba ina risasi ndani.

Anayetumia rivolva na bunduki ya kalibari moja hukutana na tatizo la tatu. Bunduki iliyotengenezwa kwa .357 Magnum hupokea .38 Special, maana kipenyo ni kilekile na ya pili ni fupi. Katika rivolva haina neno. Katika bunduki ya wenzo kipandishio kimepimwa kwa urefu fulani, na baadhi ya bunduki hukataa risasi fupi, hasa zile za shabaha zenye pua bapa kabisa. Risasi dhaifu sana ina hatari nyingine: mtutu wa bunduki ni mrefu, msuguano ni mwingi, risasi inaweza kusimama njiani. Dalili ni mlio mdogo usio wa kawaida na teke lisilohisiwa. Ukisikia hivyo, acha kupiga hapo hapo. Risasi ya pili ikifyatuliwa nyuma ya ile iliyokwama, mtutu hupasuka.

Kuhusu mazoezi bila risasi: usimwache kijana abofye kifyatulio cha .22 kwenye chemba tupu, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Pini ya .22 hupiga ukingoni, na pasipo ganda la kuipokea hugonga chuma cha chemba chenyewe. Baada ya mapigo mengi ukingo huota kibonyo, risasi zikawa ngumu kuingia na maganda magumu kutoka. Weka risasi bandia, au maganda yaliyokwisha kupigwa, ukiyageuza ili pini ipige sehemu mpya.

Nyundo ya nje

Nyundo inayoonekana ni zawadi kwa mwalimu. Akiwa hatua mbili nyuma ya mwanafunzi anaweza kuona kama bunduki imekokiwa. Lakini nyundo hiyo hiyo ndiyo chanzo cha ajali ninazoziogopa kuliko nyingine katika aina hii, kwa sababu ya jinsi inavyoshushwa.

Mwindaji amekoki, paa amekimbia, sasa anataka kuituliza. Kwa Winchester na Marlin za zamani ni lazima aishike nyundo kwa dole gumba, abonye kifyatulio, aishushe polepole, aachie kifyatulio mapema, na nyundo inase kwenye tundu la nusu, linaloishika kabla haijafika chini. Dole gumba lenye jasho, baridi au mafuta likiteleza kabla kifyatulio hakijaachiwa, risasi inatoka. Kwa mtoto ambaye dole gumba lake halina nguvu ya springi ile, hilo ni jambo linalotarajiwa kabisa. Kanuni yangu ni ngumu: mwanafunzi hashushi nyundo juu ya risasi, hata siku moja, mpaka awe ameifanya mara mia kwenye chemba tupu mbele ya mwalimu. Asipotaka kupiga, aifungue bunduki na kuitoa risasi.

Matoleo ya baadaye yana vizuizi vya ziada. Winchester 94 iliongezewa kitufe cha usalama kinachopita ubavuni mwaka 1992, kikahamishiwa baadaye nyuma ya nyundo. Wapenzi wa sura ya zamani walilalamika. Kwa mafunzo ni kitu chema, mradi kijana asikifanye mbadala wa kuelekeza mtutu mahali salama. Kuna pia kinga zisizoonekana: kifyatulio cha Winchester 94 hakibonyeki mpaka wenzo ubanwe kabisa kwenye kitako, na pini ya Marlin imekatwa vipande viwili ambavyo havinyooki kwenye mstari mmoja mpaka komeo lifungwe.

Kidole nacho kina desturi yake hapa. Kwa kuwa kipete cha kifyatulio ni sehemu ya wenzo, kinashuka pamoja nao. Mtoto anayeacha kidole cha shahada ndani ya kipete anapourudisha wenzo anakileta kidole chake moja kwa moja kwenye kifyatulio cha bunduki iliyokwisha kukokiwa. Vidole vitatu vinaingia kwenye kitanzi cha wenzo. Cha shahada kinanyooka ubavuni mwa bunduki na kubaki hapo hadi vilengeo vikae juu ya shabaha.

Na kuiondolea bunduki risasi? Bunduki nyingi za zamani hazina njia nyingine ila kuusukuma wenzo tena na tena mpaka risasi zote zitoke, maana yake kila risasi inapita chemba ikiwa na nyundo iliyokokiwa nyuma yake. Mtutu unaelekea kwenye kinga muda wote, na risasi zinahesabiwa: zimeingia tano, zitoke tano. Kisha fungua wenzo, tazama chemba, ingiza ncha ya kidole uiguse, tazama kipandishio, na tazama kama mwisho wa springi wenye rangi unaonekana. Jicho peke yake halitoshi. Kwenye .22 zenye bomba la ndani linalovutwa kwa mbele, kama Marlin 39A, mkono hupita karibu na mdomo wa mtutu, kwa hiyo wenzo unafunguliwa na chemba inakaguliwa kabla mkono haujakwenda huko.

Rivolva: kwa nini inafundishwa mwisho

Colt ya 1873, ile ambayo watu wengi huiona akilini wakisikia neno rivolva, hukokiwa kwa dole gumba kila mara kabla ya kupiga. Pini yake imeshikamana na nyundo. Nyundo ikiwa chini, pini inaigusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Bastola ikianguka sakafuni ikapigwa nyundoni, inalia. Kuna tundu dogo la usalama kwenye nyundo, lakini ncha inayoingia humo ni nyembamba na huvunjika ikipigwa. Ndiyo maana tundu ni sita lakini risasi ni tano. Vuta nyundo nusu, fungua mlango wa ubavuni, weka risasi moja, ruka tundu moja, weka nne mfululizo, funga mlango, vuta nyundo mpaka mwisho, kisha ishushe taratibu. Imekaa juu ya tundu tupu. Ukihesabu vibaya imekaa juu ya risasi, kwa hiyo tazama kwa ubavu, kwenye nafasi iliyo nyuma ya silinda, kuhakikisha.

Mwaka 1973 kampuni ya Ruger ilibadilisha rivolva zake za kukoki kwa mkono. Nyundo haigusi tena pini. Kipande cha chuma huinuka katikati pale tu kifyatulio kinapobanwa, na hicho ndicho kinachopeleka pigo. Rivolva ya aina hiyo inaweza kubeba sita. Kwa mwanafunzi tunabaki na tano, na sababu ni desturi ya mkono: leo anashika ya kisasa, kesho atashika ya babu. Hata mashindano ya kiwestani, ya silaha za enzi za wachunga ng'ombe wa Marekani, yanayosimamiwa na chama cha SASS (Single Action Shooting Society), kilichoanzishwa 1987, hufuata hivyo: rivolva mbili za tano tano nyundo ikiwa juu ya tundu tupu, na bunduki ya wenzo ya risasi kumi. Wana daraja la watoto wa miaka 13 kushuka chini.

Sasa sababu za kuiweka mwisho. Kwanza, ufupi. Mtoto mwenye bunduki ndefu akigeuka kumuuliza mwalimu jambo, mtutu unagota mezani au mwalimu anaukamata. Mwenye rivolva ya sentimita 15 hugeuza kifundo cha mkono tu na mtutu umeshamtazama mwenzake. Pili, vilengeo. Kosa la milimita moja kwenye kilengeo cha mbele, vilengeo vikiwa sentimita 50 mbalimbali kama kwenye bunduki, ni milimita 20 kwenye karatasi iliyo mita 10. Kwenye rivolva yenye sentimita 15 kati ya vilengeo, kosa hilohilo ni milimita 67. Mtoto anadhani hajui kulenga, kumbe anatumia chombo kinachokuza kila tetemeko mara tatu.

Tatu, na hili hupuuzwa, kuna nafasi kati ya silinda na mtutu. Hairuhusiwi kuwa kubwa. Kwa kawaida ni kati ya milimita 0.1 na 0.2, unene wa karatasi moja au mbili. Lakini kupitia hapo gesi ya moto na vipande vya risasi huruka pembeni kwa kasi ya kukata ngozi. Kijana aliyezoea bunduki huleta mkono wake wa kushoto mbele, chini ya mtutu, kama alivyofundishwa. Kwenye bunduki ni sawa. Kwenye rivolva vidole vyake viko mbele ya silinda. Samuel Colt aliwahi kuuza bunduki ndefu za silinda, na malalamiko ya waliozitumia yalikuwa hayohayo: cheche kwenye mkono wa mbele. Kwa hiyo kabla ya risasi ya kwanza ya rivolva, mwalimu anamwonyesha nafasi ile, anamwambia kwa nini, na anaiweka mikono miwili yote nyuma yake. Hakuna anayesimama ubavuni.

Nne ni kifyatulio. Rivolva inayojikoki yenyewe kifyatulio kinapovutwa huhitaji mvuto wa kilo 4.5 hadi 5.5, ikikokiwa kwanza kwa dole gumba, kilo 1.5 hadi 2 hutosha. Kidole cha miaka kumi na miwili hakivuti kilo tano bila kutikisa mkono wote. Aanze kwa kukoki.

Rivolva zenye silinda inayofunguka kando zina ugonjwa wao: punje za baruti isiyoungua huingia chini ya nyota inayosukuma maganda, silinda ikawa nzito kuzunguka au ikakataa kufunga. Elekeza mtutu juu, sukuma fimbo kwa pigo moja imara, maganda yadondoke pamoja na uchafu. Kisha pitisha mswaki mkavu chini ya nyota. Mafuta hapo hugandisha uchafu, yasitiwe.

Risasi ikikataa kulia, bunduki au rivolva, hesabu sekunde 30 huku mtutu ukielekea kwenye kinga. Kwa rivolva pana sharti la ziada: usikoki nyingine. Fataki inayochelewa ikiwaka baada ya silinda kuzunguka, risasi italipuka ikiwa haiko mbele ya mtutu.

Mpangilio wa masomo

Marekani, mafunzo ya namna hii hupitia zaidi vilabu vya vijana vya 4-H, maskauti, na kozi za uwindaji za majimbo, ambazo jimbo la New York lilizianza mwaka 1949. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inakataza kijana chini ya miaka 18 kumiliki bastola, ila kwa hali maalumu kama mazoezi ya shabaha yenye idhini ya mzazi kwa maandishi, na majimbo yana masharti yao juu ya hayo. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania hali ni tofauti mno: silaha ni ya leseni, ya mtu aliyepimwa na polisi, na haiazimwi kwa mtoto shambani. Ajifunzaye ughaibuni asidhani kilichoruhusiwa kule kinaruhusiwa nyumbani.

Bunduki ya upepo kwanza, mita 5 au 10. Kisha .22 ya komeo ya risasi moja. Nguvu yake ni karibu joule 140, wakati .30-30 ya babu ina kama joule 2,500. Mtoto aliyeanza na teke la pili hufumba macho miaka mingi baadaye. Lakini .22 si kitu cha kuchezea: risasi yake husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na hudunda juu ya maji na mawe. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo lisilo na mawe.

Bunduki imtoshe mtoto, wala asilazimishwe kuitosha. Kitako kikikaa kwenye kiwiko kilichokunjwa, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha mkono. Kwa mtu mzima umbali kutoka kitako hadi kifyatulio huwa karibu sentimita 34, kwa mtoto wa miaka kumi 28 hadi 30. Winchester ya kilo 3 mikononi mwa mtoto wa kilo 30 humfanya aegemee nyuma, mgongo umepinda, na kila risasi inapanda juu. Mpe mfuko wa mchanga mezani aegemezee. Pima pia jicho: anyooshe mikono, atengeneze kitundu kwa viganja, atazame kitu cha mbali kupitia humo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto na yeye anatumia kulia, ni bora ahamie bega la kushoto angali mdogo.

Siku ya kwanza ni risasi 15 au 20, zinazotolewa moja moja na mwalimu. Tano zikikusanyika ndani ya sentimita tano kwa mita 15, mara tatu mfululizo, yuko tayari kwa .22 ya wenzo, nayo ipakiwe risasi moja, baadaye mbili, baadaye tano. Afundishwe kuketi, kupiga goti na kusimama. Kulala kifudifudi ni kugumu kwa bunduki hii, kwa kuwa wenzo unahitaji nafasi chini na hugonga ardhi. Ni mojawapo ya sababu za majeshi kupendelea komeo.

Rivolva nayo ianze na risasi moja. Baadaye mwalimu anachanganya za kweli na bandia ndani ya silinda bila mwanafunzi kuona mpangilio. Nyundo ikiangukia bandia na mtutu ukainama chini kwa nguvu, wote wawili wameona kinachoharibu shabaha: kijana anaupiga mlio kabla haujaja. Hakuna karipio linalofundisha kama tukio hilo. Rudi kwenye .22, piga kumi za utulivu, malizia hapo.

Masikio yafunikwe tangu risasi ya kwanza. Hata .22 ni karibu desibeli 140, na rivolva ya .357 hupita 155. Kwa hiyo ya pili, mtoto anavaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Miwani kwa kila mtu, na kofia yenye ukingo, maana Winchester za zamani hurusha ganda la moto juu na huweza kuangukia kati ya miwani na shavu. Marlin, tangu 1889, hurusha pembeni.

Kiswahili kinaita madini ya risasi na risasi ya bunduki kwa neno moja, na neno hilo linabeba onyo lake. Vumbi la madini hayo hukaa mikononi, kwenye nguo na kwenye maganda, na mwili wa mtoto hulihifadhi kuliko wa mtu mzima. Hakuna kula wala kunywa kiwanjani. Maganda hayaokotwi kwa kofia ambayo itavaliwa tena. Bunduki nyingi za wenzo haziwezi kusafishwa kutoka nyuma, fimbo hupita mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo tumia fimbo yenye kizuizi isikwangue ukingo, na kitambaa kilichotumika kiende kwenye mfuko wa taka papo hapo. Bunduki inaingia kabatini chini ya kufuli, risasi kwenye kabati jingine lenye ufunguo mwingine. Mtoto ananawa kwa sabuni na maji baridi hadi viwiko, anabadilisha shati, ndipo anakaa mezani.